Kinyonga Shambani: Jinsi ya Kumshika na Kumrudisha Mahali Pake

Leo nataka tuzungumze juu ya kiumbe ambaye kila mmoja wenu anamjua, lakini ni wachache walio tayari kumgusa. Nazungumza juu ya kinyonga.

Najua wapo watakaosema: sisi tuna ubwiri unga katika mikorosho, tuna nguruwe na tembo wanaomaliza mpunga na mahindi, huyo kinyonga ana habari gani? Tulia kidogo, ndugu yangu. Kinyonga anakula wadudu wa shamba lako kutwa nzima, na hakudai mshahara. Vile vile yuko mtu anayeweza kupita kijijini kwako na kukuahidi fedha ili umkamatie kinyonga, na fedha hizo zikakufikisha mahakamani. Kwa hiyo yafaa tulijue jambo hili.

Wewe uliyeko Nakapanya, kwenye barabara ya kutoka Tunduru kwenda Mangaka, aghalabu utakutana na kinyonga mahali patatu. Kwanza, juu ya mti, unapopogolea mikorosho. Pili, chini, unapopalilia au unapofyeka. Tatu, mkononi mwa mtoto wako, amefungwa kamba kiunoni, naye mtoto anasema, "Baba, huyu ni wangu." Mahali pote hapo, utakalofanya katika dakika tano za mwanzo ndilo litakaloamua kama kiumbe huyu ataishi au atakufa.

Kwanza tuondoe woga. Kinyonga hana sumu. Hana sumu mdomoni, hana sumu mkiani, wala hatemi sumu. Yule tunayemwona zaidi katika mashamba yetu ni yule wa kijani au kahawia mwenye vipande vya ngozi vilivyolala nyuma ya kichwa kama masikio. Huyo, ukimtisha, hujijaza hewa akavimba, huwa mweusi, hufungua mdomo, na hutoa sauti ya kufoka kama nyoka. Hayo yote ni vitisho tu. Hana mbio, kwa hiyo silaha yake ni kujifanya mkubwa. Akikuuma utahisi amekubana. Kidonda kidogo kikitokea, kioshe kwa maji na sabuni.

Na kule kubadilika rangi je? Watu husema anaiga kila anachokikanyaga. Sivyo hasa. Hubadilika zaidi kwa sababu ya joto au baridi, kwa hofu, kwa hasira, na kwa kuzungumza na kinyonga mwenzake. Ukimwona amekuwa mweusi mkononi mwako, jua anakuambia, "Niache."

Chuki yetu kwake imetokana na hadithi za zamani. Katika makabila mengi ya kusini mwa Afrika, walikotoka mababu wa Wangoni wa Songea, inasimuliwa kwamba kinyonga alitumwa kuwaletea watu habari ya uzima, akakawia njiani, habari ya kifo ikamtangulia. Wayao nao wana hadithi yao, iliyoandikwa vitabuni tangu karne ya 19, kwamba kinyonga ndiye aliyewanasa binadamu wa kwanza katika mtego wake wa samaki. Binadamu hao wakawasha moto, msitu ukaungua, kinyonga akakimbilia mtini. Hadithi ni hadithi, lakini jambo moja katika hiyo ya pili ni kweli hata leo: moto wetu ukiwaka, kinyonga hana pa kukimbilia ila mtini, na mwendo wake mnaujua.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Umemkuta kinyonga mahali unapotaka kufyeka au kuchoma. Utamshikaje?

Kwanza, nawa mikono yako, hasa kama ulikuwa unashika dawa ya shamba. Ukimaliza kumshughulikia, nawa tena kwa sabuni, kwa maana wanyama wa jamii ya mijusi huweza kubeba vijidudu vinavyoumiza tumbo la binadamu.

Pili, usimjie kwa juu. Mwewe na hondohondo humjia kwa juu. Mkono ukishuka juu ya mgongo wake, kwake yeye hicho ni kifo kinashuka. Mwendee kwa mbele, polepole, mkono ukiwa chini.

Tatu, tumia kijiti chenye unene wa kidole. Kiweke mbele ya miguu yake ya mbele, juu kidogo kuliko pale aliposimama, kisha mguse kidogo kwa nyuma. Kinyonga hupenda kupanda. Ataukunjua mguu mmoja, atapima, atashika. Kisha wa pili. Msubiri. Hapa hakuna njia ya mkato.

Nne, usimvute. Vidole vyake vimegawanyika pande mbili kama koleo, na akishika tawi ameshika kweli. Ukimvuta kwa nguvu unaweza kumvunja mguu au kumng'oa kucha. Wala usimvute mkia. Mjusi wa ukutani akikatika mkia huota mwingine. Wa kinyonga hauoti tena, na mkia huo ndio mkono wake wa tano.

Tano, mchukue akiwa juu ya kijiti hicho hicho, kivulini. Usimtie katika kopo, wala katika mfuko wa nailoni, wala usimwache juani ndani ya ndoo. Kopo likipata jua huwa chungu cha moto, na kiumbe huyu hana namna ya kutoka jasho.

Haya, umemchukua. Utamweka wapi?

Mweke karibu na pale ulipomtoa, kwenye ukingo wa shamba lilo hilo. Usimpeleke kijiji kingine kwa kudhani unamfanyia hisani. Tafuta kichaka au mti wenye majani mengi, urefu wa kifua chako au zaidi, wenye jua upande mmoja na kivuli upande mwingine, ili achague mwenyewe. Tazama kwanza kama mti huo una viota vya maji moto, wale chungu wanaoshona majani. Maji moto ni walinzi wazuri wa mkorosho dhidi ya wadudu wanaofyonza machipukizi, na usiwaharibie viota vyao. Lakini kinyonga ukimweka katikati yao watamshambulia. Vile vile usimweke penye kinyonga mwingine, kwa kuwa kila mmoja hupenda kukaa peke yake na hugombana. Usimweke karibu na banda la kuku, wala kando ya barabara ya lami, maana akishuka kuvuka, gari halimngoji.

Ukishamweka, ondoka. Hapo ndipo wengi tunapokosea: tunarudi kila mara kumtazama, watoto wanamzunguka, mmoja anamgusa kwa ufito. Mwache. Rudi jioni umtazame kwa mbali. Ukiona rangi yake imerudi na macho yanazunguka, moja huku na jingine kule, basi ametulia. Usiku utamwona amekuwa mweupe-mweupe kwenye ncha ya tawi, hajafa, amelala.

Sasa mama, au baba, mtoto amekwisha kumleta nyumbani, na usiku umeingia. Usimpige mtoto. Fungua ile kamba taratibu, na ikiwa imeingia katika ngozi, ikate. Kisha mweke kinyonga kwenye tawi lenye majani, nje, mahali ambapo paka na kuku hawafiki. Nyunyiza maji juu ya majani yawe matone matone. Kinyonga hajui kunywa katika bakuli. Yeye hunywa umande na matone ya mvua. Ukimwekea maji kwenye kisahani, atakufa na kiu huku kisahani kimejaa. Wala usimmwagie maji mdomoni, yataingia mapafuni. Usimlazimishe kula pia. Ukimwona macho yametumbukia ndani, ana kiu. Akiyafumba mchana, anaumwa au amechoka sana. Asubuhi na mapema mwambie mtoto akuongoze hadi pale alipomtoa, mkamrudishe pamoja. Mtoto atakuwa amejifunza zaidi kuliko kwa fimbo.

Huenda mtoto akauliza, "Mbona Wazungu wanawafuga?" Ni kweli, huko Ulaya na Marekani wapo watu wanaofuga vinyonga majumbani. Lakini sikiliza gharama yake. Humjengea kibanda cha wavu, humpandia miti ndani yake, humnunulia wadudu walio hai, humnyunyizia maji kila siku, na humwashia taa maalumu badala ya jua, kwa sababu bila mwanga wa jua mifupa yake hulegea. Na pamoja na hayo yote, wengi hufa. Wewe jua unalo bure, wadudu unao bure, umande unao bure, na vyote viko shambani. Ndani ya nyumba havimo.

Liko jambo jingine ambalo nataka mlishike sana. Ukimwona kinyonga mnene anatembea chini wakati wa mvua, anasita, anachimba udongo, usimguse kabisa. Huyo aghalabu ni mama, anatafuta mahali pa kutaga. Huteremka mtini kwa ajili hiyo, huchimba kwa saa nyingi, hutaga mayai 30, 40, au hata zaidi, kisha huyafukia na kurudi juu ya mti. Harudi kuyatazama. Mayai hayo huweza kukaa ardhini miezi mingi, hata karibu mwaka mzima, na watoto wakitoka hujitafutia wenyewe. Kwa hiyo ukimuua mama mmoja kwa jembe, umeua hesabu ya mwaka mzima. Na ikitokea jembe lako limeyafukua mayai madogo meupe, usiyageuze. Yafunike kwa udongo ule ule, weka kijiti cha alama, ukalime mbele.

Je, kinyonga atamaliza wadudu wa shamba? Hapana, na mtu asikudanganye. Anakula panzi, nzi, viwavi na mende, na pengine atamla hata nyuki. Kwa ubwiri unga bado utahitaji salfa, na kwa wadudu waharibifu bado utamhitaji bwana shamba. Lakini yeye ni mmoja katika kundi la wasaidizi: maji moto, buibui, ndege, popo na kinyonga. Kadiri unavyowaua hao, ndivyo unavyozidi kununua dawa. Na dawa ya kuua wadudu inaweza kumdhuru yeye pia, kwa kumgusa na kwa wadudu wenye sumu anaowala. Basi kabla ya kupulizia, pita ukitazama matawi. Kabla ya kuchoma takataka za shamba, geuza lile rundo kwanza.

Mwisho, habari ya mnunuzi. Kwa miaka mingi nchi yetu ilikuwa miongoni mwa nchi zilizouza vinyonga wengi nje. Walikusanywa vijijini kwa bei ndogo, wakasongamanishwa katika masanduku, na wengine hawakufika walikokwenda. Milima yetu, kama Usambara na Uluguru, ina vinyonga wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Hata wataalamu walipotaka jina la ukoo mmoja wa vinyonga wa milimani mwaka 2006, walichukua neno letu la Kiswahili, wakauita Kinyongia. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Juni 2022 lilitolewa tangazo la kuwapa wafanyabiashara nafasi ya kumaliza wanyama waliobaki nao, nalo likasitishwa mara. Na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, haimruhusu mtu kukamata wala kuuza mnyamapori bila kibali. Kinyonga ni mnyamapori, ingawa ni mdogo kama kiganja. Basi akija mtu na gari na tenga, akasema, "Nikusanyieni vinyonga, kila mmoja nitalipa," msimkusanyie hata mmoja. Mpelekeni kwa mwenyekiti wa kijiji, naye amwite afisa wanyamapori. Mnunuzi ataondoka na gari lake. Atakayebaki kujibu maswali ni wewe.

Ndugu wakulima, tukumbushane kwa ufupi. Kinyonga hana sumu. Mwendee kwa mbele na kwa chini. Mpandishe kijitini, usimvute. Mweke karibu, penye majani, mbali na maji moto, kuku na barabara. Mpe matone, si bakuli. Mama anayechimba, mwache achimbe. Mnunuzi asiye na kibali, mkatalieni.