Barua Pepe Iliyofika kwa Seva Isifike kwa Katibu



Chukulieni kikundi cha akina mama wa Laini Saba wanaoshona sare za shule. Kina kikoa chake cha .or.ke, lakini katibu husoma barua kwenye simu, katika Gmail yake. Basi msimamizi ameagiza seva ipeleke huko kila kinachoingia. Shule inaulizia bei ya sare 200. Swali linafika kwa seva, kwa katibu halifiki. Wiki mbili baadaye kazi imepewa fundi mwingine, na akina mama hawajui hata kwamba waliulizwa.

Gmail ikipokea barua huangalia kwanza seva zilizoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa kile. Orodha hiyo ndiyo SPF. Seva ya kikundi haimo katika orodha ya shule. Ni kama mtu wa boda kuleta barua ya chifu ambaye hakumtuma. Kinachoweza kuiokoa barua ni sahihi ya DKIM, kwa kuwa husafiri ndani ya barua yenyewe. Lakini msimamizi akibandika tangazo la kikundi chini ya barua, au akigusa kichwa chake, sahihi huvunjika. SRS, inayobadilisha anwani ya mtumaji kwenye bahasha, husaidia SPF tu. DMARC hulinganisha na kikoa anachokiona msomaji, kwa hiyo sahihi ya shule isiguswe.

Barua taka ndizo balaa zaidi. Seva inayopitisha kila kitu hupitisha na utapeli, na Gmail humlaumu aliyebisha hodi. Jina la seva likishachafuka, hata ankara halali za kikundi hurudishwa. Tangu Februari 2024 Google imekaza kamba: kila mtumaji awe na SPF au DKIM, na wanaotuma barua 5,000 au zaidi kwa siku wawe nazo zote mbili pamoja na DMARC. Malalamiko ya barua taka yasifike asilimia 0.3.

Kwa hiyo barua zichujwe kabla ya kupelekwa mbele, na nakala ibaki kwenye seva. Kumbukumbu za seva zisomwe kila siku, si mpaka mtu alalamike. Jibu linaloanza na 4 maana yake ni subiri, seva itajaribu tena. Linaloanza na 5, barua imekataliwa kabisa.

Njia iliyo rahisi kuliko zote, na ambayo wengi huiruka, ni kuacha kupeleka mbele. Katibu aweke kikasha cha kikundi kwenye programu ya barua ya simu yake kwa IMAP, asome palepale. Swali la sare litamkuta hapo, na atajibu kwa anwani ya kikundi.