Mwenzetu Akirudi Kazini



Mwenzetu wa gengi amerudi baada ya kuugua kifua kikuu. Siku ile ile akapewa kuinua mataruma, na saa ya chai sisi tukamtengea kikombe chake peke yake. Hapo tulikosa. Kifua kikuu hakiambukizwi kwa kikombe, na daktari amemruhusu kufanya kazi.

Sheria ya Ajira ya 2007 yatupa kila mwaka angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 kwa nusu. Lakini dawa za kifua kikuu kwa kawaida ni miezi 6! Basi chama kimwendee msimamizi: mwenzetu apewe kazi nyepesi mpaka nguvu zirudi, na ruhusa ya kwenda kliniki. Nasi tunywe chai pamoja naye. Leo ni yeye, kesho ni sisi.