Ghala Lisimame kwa Miguu Mikavu

(Hotuba ya Katibu wa chama cha msingi, iliyosomwa mbele ya Mkutano wa kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu)



Tumeombwa tuseme habari za kazi ya chama chetu katika miaka hii kumi. Wenzetu waliotutangulia wamekwisha kutaja hesabu za kilo na za fedha, nao wamezitaja vizuri kuliko tuwezavyo sisi. Kwa hiyo tumechagua kusema habari ya kitu kisichoandikwa katika hesabu, nacho ni uvungu wa ghala letu. Huenda wengine watacheka. Na wacheke; lakini katika uvungu ule tulikaribia kupoteza kitu kisichonunuliwa mnadani, yaani imani ya wanachama.

Kwanza yatupasa kulieleza ghala lenyewe. Lilijengwa mtelemkoni. Upande wa juu sakafu yake iko karibu na ardhi, na upande wa chini imeinuka kiasi cha kimo cha mtoto. Sakafu ni ya mbao zilizolazwa juu ya boriti. Chini yake ni udongo mtupu, na kando zote umezungushwa ukuta wa matofali wenye matundu machache ya hewa. Mtu mzima akitaka kuingia humo hana budi kutambaa. Kwa sababu hiyo hakuna aliyeingia tangu siku fundi alipomaliza kazi yake.

Katika mwaka wa tatu masika yalikuwa mazito. Ninyi mkaao milimani mwajua mvua zetu. Mara nyingi hupita milimita 1,200 kwa mwaka, na yako majuma ambayo jua huonekana kama mgeni. Kahawa yetu ilikaa ghalani muda wa wiki sita ikingoja gari. Ilipofika ya kukobolewa, magunia 14 yalionekana kuwa na kasoro: punje zimepauka, zina harufu ya uvundo, na unyevu umezidi. Kahawa iliyokaushwa vema huwa na unyevu wa sehemu 10 hadi 12 katika kila 100. Ikizidi hapo hupoteza rangi na ladha, na yule anayeionja kwa kazi yake hahitaji kuambiwa.

Je, Halmashauri yetu ilifanya nini? Twasema kwa aibu. Tulitazama majina yaliyoandikwa juu ya magunia, tukawakata wenyewe fedha zao. Tuliwaambia kwamba wameleta kahawa mbichi, na kwamba uvivu wa mtu mmoja usiwaangushe wote. Maneno hayo tuliyasema mbele za watu, na baadhi ya wale tuliowaambia walikuwa wazee wetu.

Katika mkutano uliofuata akasimama mama mmoja mjane. Alifungua kitambaa chake, akatoa stakabadhi ya siku alipopima kahawa yake, akasema, “Katibu, soma.” Tukasoma. Kipima unyevu kilikuwa kimeonyesha 11, nasi wenyewe ndio tulioandika. Akasema, “Basi niambieni, ni nani aliyeinywesha maji kahawa yangu? Ni mimi niliyekuwa nimelala nyumbani, au ni ninyi mliokaa na ufunguo?”

Hapakuwa na jibu. Mkutano ulinyamaza, kisha ukachafuka. Wako waliosema chama kivunjwe. Wako waliosema heri kuuza kwa walanguzi usiku kuliko kuibiwa mchana. Nasi twajua kwamba maneno kama hayo si mapya katika nchi hii. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikaruhusiwa tena kwa sheria ya mwaka 1982, na wazee waliokuwapo hukumbuka ya kuwa jina la ushirika linaweza kuharibika haraka, na kulitengeneza huchukua miaka mingi.

Usiku ule tulifungua vitabu. Tulilinganisha stakabadhi moja moja na mahali gunia lilipopangwa. Ndipo tukaona jambo ambalo ilitupasa tulione mapema. Magunia yote 14 yalikuwa ya safu ya chini, na yote yalikuwa katika pembe moja, ile ya upande wa juu wa mtelemko. Waliokatwa walikuwa watu wa vijiji mbalimbali na siku mbalimbali. Kilichowaunganisha ni mahali pa sakafu tu.

Asubuhi tukatwaa tochi, tukatambaa. Udongo ulishikana na viganja kama unga uliokandwa. Boriti zilikuwa zimeota ukungu mweupe. Chini ya mbao yalining'inia matone ya maji, yamejipanga kama shanga. Maji ya paa, kwa kuwa hayakuwa na mfereji, yalianguka karibu na ukuta, yakanywewa na ardhi, yakatelemka yakaingia uvunguni. Tulikuwa tumeweka kahawa ya watu juu ya chungu kinachofuka mvuke, kisha tukawashitaki wenye kahawa.

Wanachama wapenzi, tuelewe jinsi jambo hili linavyotendeka. Udongo mbichi hutoa mvuke mchana na usiku, ingawa jicho halioni. Mvuke hupanda, ukakutana na mbao zilizopoa, ukageuka kuwa maji, kama vile mfuniko wa sufuria unavyotoa jasho kwa ndani. Tena matofali na zege hunyonya maji kutoka ardhini kama utambi wa koroboi unavyonyonya mafuta. Kwa hiyo hata mwenye sakafu ya saruji asijione kuwa amepona, ikiwa chini ya zege yake hakuna kizuizi cha maji.

Mwanzoni tulidhani dawa ni kupanua matundu ili upepo upite. Tulipanua mawili, na hali haikubadilika. Baadaye tulifahamu sababu. Hewa yenye joto hubeba maji mengi kuliko hewa baridi. Wakati wa mvua, hewa iingiayo kutoka nje yenyewe imejaa maji, na ikifika mahali penye baridi chini ya sakafu huyamwaga. Jambo hili limechunguzwa hata ng'ambo. Katika mji wa Princeville, katika Jimbo la North Carolina, Marekani, watafiti walizilinganisha nyumba 12 katika miaka ya mwanzo ya karne hii. Nyumba ambazo uvungu wake ulifungwa, ukatandikwa karatasi ya kuzuia maji na kupewa hewa kidogo iliyokaushwa kwa mashine, zilikaa kavu wakati wa joto la unyevu kuliko zile zilizoachiwa matundu wazi. Sisi hatuna mashine ya kukausha hewa, kwa hiyo hatukuiga kila kitu. Lakini tulijifunza kwamba adui wa kwanza ni udongo ulio wazi, na kwamba tundu peke yake halimshindi.

Sasa tutaeleza tulivyofanya, ili chama kingine kiweze kufanya bila kupotea njia.

Kwanza, tuliyazuia maji nje. Tuliweka mifereji chini ya paa, tukachimba mtaro upande wa juu, na tukajaza udongo kando ya ukuta ili ardhi iteremke kutoka ukutani, kiasi cha sentimita 15 katika mita 3. Kazi hii ndiyo kubwa kuliko zote, nayo haihitaji ila jembe na bidii. Mtu asitandike nailoni juu ya dimbwi.

Pili, tulisafisha uvungu. Tuliondoa vipande vya mbao, mawe makali na takataka zote, maana mbao zilizoachwa ardhini ni karamu ya mchwa. Tukaacha pakauke majuma kadhaa ya kiangazi.

Tatu, tulitandika karatasi nzito ya nailoni, ile ambayo wajenzi huiweka chini ya zege, ya geji 1000, yaani unene wa robo ya milimita. Kila kipande kilipanda juu ya mwenzake sentimita 30, na maungio yakafungwa kwa utepe wa gundi. Kandokando tuliipandisha ukutani sentimita 15, tukaibana kwa papi. Juu ya hapo ukuta tuliuacha wazi mpaka kwenye boriti, ili mchwa wakijenga njia yao ya udongo tuione.

Nne, matundu ya hewa tuliyatia vifuniko vya mbao. Wakati wa mvua na usiku wa ukungu hufungwa. Siku kavu hufunguliwa. Mlinzi anayo zamu yake, na huandika katika daftari.

Tano, hatuweki tena gunia sakafuni wala kulisimamisha ukutani. Yote hukaa juu ya chaga, nusu mita mbali na ukuta, na mtu aweze kupita nyuma yake. Kila wiki gunia moja la safu ya chini hupimwa pamoja na moja la safu ya juu. Tofauti ikionekana, tunaingia uvunguni siku ile ile.

Gharama ya kazi yote haikufikia thamani ya yale magunia 14.

Bwana Mwenyekiti, wenzetu wa Serengeti wasiseme kwamba habari hii ni ya kahawa tu. Mahindi yanahusika zaidi, maana kahawa iliyooza huharibu bei, bali mahindi yaliyooza huharibu mtu. Ukungu uotao katika mahindi yenye unyevu huweza kuzaa sumu iitwayo aflatoksini, nayo haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 katika mashariki ya Kenya, katika sehemu za Makueni na Kitui na jirani zake. Mwaka 2016 iliingia hapa kwetu, katika Mikoa ya Dodoma na Manyara, ikaua watu wapatao 20. Waliokufa walikula chakula cha nyumbani kwao. Kwa hiyo mahindi yasiwekwe mpaka unyevu wake umeshuka hadi sehemu 13 katika 100.

Na asiye na kipima unyevu afanyeje? Atwae chupa ya kioo iliyokauka, atie mahindi na chumvi kavu kidogo, aitikise vema, kisha aiache itulie. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi yana unyevu unaozidi sehemu 15. Na yarudishwe juani. Isiposhikamana, bado ayaongezee jua kabla ya kuyahifadhi kwa muda mrefu. Hata ile mifuko isiyopitisha hewa, ambayo wengi twaitumia dhidi ya dumuzi, haikaushi mahindi. Ukiyafunga yakiwa mabichi, umeufungia ukungu chumbani.

Kuijaribu sakafu ya nyumba ni rahisi vilevile. Tandika kipande cha nailoni sakafuni, kandike kingo zake kwa utepe au kwa udongo, ukiache usiku na mchana. Ukikifunua ukaona matone upande wa chini, maji yanatoka ardhini. Ukiona umande upande wa juu, maji yanatoka hewani. Kila moja ina dawa yake, na mwenye kujua chanzo hatapoteza fedha bure.

Tukitafakari, twaona ya kwamba babu zetu hawakuwa wajinga wa jambo hili. Ghala la Mkurya lilisukwa kwa fito, likavikwa kofia ya nyasi, likainuliwa juu ya miti au mawe, na chini yake upepo ulipita pande zote. Mzee mmoja, tulipomwonyesha boriti zilizoota ukungu, alitikisa kichwa akasema, “Ghala la babu yangu lilikuwa na miguu mikavu.” Sisi tuliinua sakafu kama babu, kisha tukaizungushia ukuta kama mgeni, na udongo tukauacha wazi. Tulichanganya elimu mbili na hatukuimaliza hata moja.

Limebaki neno la mwisho, nalo ndilo lililotuleta hapa. Uvungu ulipokwisha kutengenezwa, tuliitisha Mkutano Mkuu. Tulisoma majina ya wote tuliowakata, kwa sauti ile ile tuliyowashutumia, tukaomba radhi. Mkutano ukaazimu kwamba fedha zao zirudishwe kutoka katika ziada ya mwaka. Maana yake ni kwamba kila mwanachama alipokea kidogo pungufu ili wachache wapate haki yao. Hakuna aliyepinga. Tuliona siku ile kwamba ushirika ni jambo la kweli.

Yule mama alipokea fedha zake, akazihesabu mara mbili, akatia sahihi kwa dole gumba. Kisha akamwomba mlinzi tochi, akainama mlangoni mwa uvungu akatazama mwenyewe. Msimu uliofuata alileta kahawa yake mapema kuliko wote. Naye hata leo haondoki mezani mpaka ameisikia namba ya kipimo ikisomwa kwa sauti.

Nasi twawasihi maofisa wote: kabla hamjamkata mkulima, tambaeni kwanza chini ya sakafu yenu. Na ninyi wakulima, tunzeni stakabadhi zenu.