Wimbo Uliokuja na Wageni
Hotuba iliyotolewa katika ibada ya Jubilii ya kwaya

Kamati iliniomba niseme machache juu ya tulikotoka. Harufu ya muthokoi na pilau imeshatufikia hapa ndani, kwa hivyo sitawachosha.

Jambo langu ni moja. Kanisa letu lilianza kama kanisa la wageni, na wageni wenyewe walikufa au waliondoka. Kilichobaki ni kile tu walichokiacha mikononi mwa watu wa hapa.

Tuanze na Nzaui, mlima ambao wengi wenu mnaupita mkienda nyumbani. Peter Cameron Scott alizaliwa Glasgow, Uskoti, mwaka 1867. Akiwa kijana, familia yake ilihamia Philadelphia, Marekani. Kwa hivyo alijua ugeni kabla hajaona Afrika. Tena, wanakwaya, huyu alikuwa mwenzenu! Alikuwa na sauti nzuri, akafundishwa kuimba. Husimuliwa kwamba siku moja alifika hadi kwenye ngazi za jumba la opera kutafuta nafasi ya kuimba, akashindana na moyo wake palepale, kisha akageuka na kwenda zake. Alichagua kuitoa sauti ile kwa Bwana.

Kwanza alikwenda Kongo, na huko akamzika ndugu yake John. Mwaka 1895 akaanzisha misheni ya AIM, akaja Mombasa na kikundi kidogo, akiwemo dada yake Margaret. Mwezi wa Desemba wakafika Nzaui. Katika muda mfupi walikuwa na vituo vinne: Nzaui, Sakai, Kilungu na Kangundo. Lakini tarehe 4 Desemba 1896, kabla hata ya kutimiza mwaka mmoja Ukambani, Scott alifariki kwa homa. Alikuwa na miaka 29. Wenzake kadhaa walimfuata kaburini, wengine wakarudi kwao. Kisha ikaja ile njaa ambayo wazee wetu waliiita Yua ya Ngomanisye. Aliyeitazama misheni ile mwaka 1899 angesema imekwisha.

Mmoja wa waliobaki kwa muda, Willis Hotchkiss, aliacha habari ambayo naipenda. Alikuwa akijifunza Kikamba, na neno moja lilimshinda kwa muda mrefu: neno la kumwita Yesu Mwokozi. Alilitafuta kila mahali. Mwishowe alilisikia jioni, kando ya moto, Wakamba walipokuwa wakisimulia jinsi mtu alivyookolewa na mwenzake kutoka kwa simba. Mnaona? Habari ya Mwokozi aliileta yeye, lakini neno la kuitangazia lilikuwa kwetu tangu zamani.

Upande wa Kitui mambo hayakuwa tofauti sana. Katika miaka ya mwanzo ya 1890, Walutheri kutoka Ujerumani walianza kazi Ikutha, baadaye wakafika Mulango. Vita Kuu ilipozuka mwaka 1914, Wajerumani wakawa maadui wa serikali ya Waingereza, na kazi yao ikakatika. Mulango ikaja kushikwa na AIM. Wachungaji waliondoka, waumini wakabaki. Na aliyebaki na wimbo kichwani alikuwa na kitu ambacho askari hawezi kukichukua.

Sasa nitawatoa Ukambani kidogo, nitawarudisha mara moja. Wakati Wajerumani wakijenga Ikutha, Wahungaria walikuwa wakivuka bahari kwenda Marekani kutafuta kazi viwandani. Mwaka 1891, wale wa mji wa Cleveland walianzisha kanisa lao la Kiprotestanti. Walikuwa na urithi wa Zaburi zilizotiwa katika Kihungaria na Albert Szenczi Molnár mwaka 1607, kwa sauti za kitabu cha Geneva. Na sauti moja ya kitabu kile mnaijua: ni ile ambayo makanisa mengi huimba ya kumsifu Mungu Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Ilichapwa Geneva mwaka 1551. Wahungaria huiimbia Zaburi ya 134. Wimbo hauna pasipoti!

Lakini wahamiaji wale walikutana na jambo ambalo linatukabili sisi pia. Watoto walizaliwa, wajukuu wakaja, na wajukuu wakazungumza Kiingereza. Ibada ikabidi iwe na lugha mbili. Wazee waliogopa kwamba wakiiacha lugha watapoteza Zaburi, na vijana wakauliza wataimbaje wasichokielewa. Pande zote mbili zilikuwa na haki.

Hapa ndipo tulipo leo. Wapo wanaosema kwaya iweke kando Mbathi, tuimbe Kiswahili peke yake, kwa sababu vijana wetu wamekulia Nairobi na Mombasa. Wapo wanaosema Kiswahili kimetuharibia ibada. Nawaomba pande zote mbili mtulie kidogo.

Kwa wanaotaka Kikamba peke yake nasema hivi: sisi ni watoto wa kanisa la wageni. Leo mwalimu kutoka Kisii na muuguzi kutoka Kakamega wameketi kwenye benchi letu. Kama Hotchkiss aliketi kando ya moto hadi akapata neno la kutufikia sisi, je, sisi tutashindwa kumwimbia mgeni wetu wimbo anaouelewa?

Na kwa wanaotaka kuziacha Mbathi nasema: Agano Jipya la Kikamba lilitoka mwaka 1920, na Biblia nzima mwaka 1956. Mtu mzima aliyeishika ile ya 1956 alikuwa amengoja tangu utoto wake. Kitu kilichogharimu hivyo hakiwekwi kando kwa kura ya mkutano mmoja wa jioni.

Tena, hatari kubwa hata si lugha. Hatari ni nyimbo ambazo hazijaandikwa popote. Mwimbishaji wetu mmoja alipolala, nyimbo kadhaa alizotunga zililala naye. Tunakumbuka kiitikio, beti hatuna. Hakuna vita iliyotunyang'anya, hakuna homa. Hatukuketi naye tu.

Kwa hivyo ninalo ombi moja kwa Jubilii hii. Kila mwanakwaya wa kikundi cha kwanza aketi na vijana wawili kabla ya Krismasi. Vijana, simu mnazo: rekodini wimbo mzima, andikeni beti zote, na anayejua solfa aandike sauti zote nne. Mwandike kwa Kikamba, na chini yake maana kwa Kiswahili, ili mgeni naye aimbe akijua anachoimba. Kisha kila mwezi kwaya iimbe wimbo mmoja kati ya hizo mbele ya kanisa, na vijana ndio waongoze.

Mwaka 1971, wakati wa uongozi wa Wellington Mulwa, AIM iliikabidhi kazi yake kwa AIC. Wageni walikabidhi, wenyeji wakapokea. Akina mama wa sauti ya kwanza, akina baba wa besi, sasa ni zamu yenu kukabidhi. Na ninyi vijana, nyosheni mikono mpokee.

Hongereni kwa Jubilii.