Maziwa ya Moto Yaliyowahi Kuganda
Mhadhara wa umma, Ukumbi wa Anatoglo, Mnazi Mmoja, Dar es Salaam

Mtakaouliza kwa nini mhadhara wa fizikia umeteremshwa hadi Mnazi Mmoja, mkumbuke kwamba kabla ya kuhamia Mlimani mwaka 1964, chuo chetu kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU hapo Mtaa wa Lumumba, kikifundisha sheria. Leo kimekuja kuwasalimu wenyeji wake.

Nimekuja na swali ambalo wauza barafu wa Kariakoo wana haki nalo kuliko maprofesa. Maji ya moto na maji ya baridi yakiingizwa kwenye friza moja kwa wakati mmoja, yapi yatatangulia kuganda?

Jibu la haraka ni ya baridi. Ya moto lazima kwanza yapoe hadi pale yalipoanzia yale ya baridi, na yakifika hapo, wenzake wameshatangulia. Erasto Mpemba aliona vingine mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba, kule Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanasubiri yapoe, ndipo wanayaweka kwenye friza. Nafasi ilikuwa ya kugombania. Siku moja mwenzake aliwahi na maziwa ambayo hata hakuyachemsha. Mpemba akaona akisubiri yake yapoe atakosa pa kuyaweka, akayaingiza yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda, ya mwenzake yangali uji mzito.

Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Lakini baadaye rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu Tanga mjini alimweleza kwamba yeye huingiza mchanganyiko ukiwa wa moto makusudi, ili ugande upesi. Wauzaji mliomo humu, hapo nawaomba mtege sikio. Muuza aiskrimu wa Tanga alikuwa akiutumia ujuzi huu kazini wakati sisi wa vyuoni tulikuwa hatujauliza. Ni kweli Aristotle aligusia jambo hili, na Francis Bacon na Descartes wakalirudia karne nyingi baadaye, lakini sidhani kama yupo aliyelitafutia wateja.

Mpemba aliendelea na masomo Mkwawa, Iringa, na huko nako alichekwa. Mwalimu alisema hiyo ni fizikia ya Mpemba peke yake. Ndipo Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo chetu, alipotembelea shule. Kijana akasimama akauliza: vikombe viwili vyenye maji kiasi kilekile, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, mbona cha nyuzi 100 ndicho kinachotangulia kuganda? Wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Aliporudi Dar es Salaam akampa fundi wake wa maabara kazi ya kujaribu. Fundi akaleta taarifa kwamba kweli ya moto yametangulia, ila ataendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi.

Watu humtaja fundi huyu ili wamcheke. Mimi namtetea. Kurudia ndiyo kazi yenyewe. Kosa lake ni kwamba alishaamua pa kuishia.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala katika jarida la Physics Education. Walipima mililita 70 za maji kwenye bika za kioo, ndani ya sehemu ya kugandishia ya jokofu la nyumbani. Maji yaliyochelewa zaidi kuanza kuganda ni yale yaliyoingia yakiwa na nyuzi kama 25. Yaliyoingia karibu na nyuzi 90 yaliwahi zaidi. Mwaka huohuo George Kell wa Kanada naye alichapisha makala juu ya jambo hilo.

Tangu hapo maelezo hayajakoma: mvuke unaopunguza maji, hewa inayotoka yakichemshwa, mizunguko ya maji ndani ya chombo. Lipo pia la maji kushuka chini ya sifuri bila kuganda, yakisubiri punje au mkwaruzo wa kuanzia. Hili ndilo linalowatesa watafiti, kwa kuwa vikombe viwili vya bomba moja vinaweza kutofautiana vyenyewe. Mwaka 2012 jumuiya ya wanakemia ya Uingereza ilitangaza shindano la kulieleza jambo hili, yakaja majibu 22,000. Swali lenye majibu 22,000 halijajibiwa.

Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walipima muda wa maji kufika nyuzi sifuri, wakasema hawaoni ushahidi wa kutosha, na kwamba kipimajoto kikihama sentimita moja tu kinaweza kuzua matokeo. Nawaheshimu. Lakini Osborne alipima kuanza kuganda, wao walipima kufika sifuri, na Mpemba alitazama chombo kizima baada ya saa moja na nusu. Ugomvi una saa tatu tofauti. Kwa maji ya kawaida, mimi sijashawishika upande wowote. Kwingineko jina la Mpemba limekwisha kukaa: mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer, Kanada, walionyesha kwa punje ndogo mno iliyosukumwa kwa leza kwamba chenye joto zaidi kinaweza kutangulia kutulia.

Basi napendekeza tulipime hapa, kwa vifuko vya barafu ya ubuyu na ukwaju, katika friza za nyumba zenu. Kila kifuko vipimajoto viwili, juu na chini. Tuandike nyakati zote tatu, na umeme ukikatika tuandike pia. Inasemekana chombo cha moto huyeyusha barafu iliyo chini yake, kikagusa bati lenye baridi; maabara nyingi huiondoa barafu hiyo kabla ya kuanza. Daftari la kujiandikisha liko mlangoni. Mwenye friza iliyojaa barafu ukutani asiikwangue kwanza, tutaanza na yake.