Kupima Chakula cha Watu



Mtu akiulizwa, "Watu wa nyumba hii hula nini?" hujibu upesi, "Mahindi na maharagwe." Jawabu hilo si la uongo, ila halimsaidii mganga anayetaka kujua kwa nini mtoto wa nyumba hiyo amekonda.

Mwaka 1931 ilichapishwa taarifa ya Dr. John Boyd Orr na Dr. John Gilks juu ya vyakula vya Wamasai na Wakikuyu. Ilieleza ya kuwa mwanamume wa Kimasai, mla nyama, maziwa na damu, alimzidi Mkikuyu kwa inchi 5 za urefu na ratili 23 za uzito. Habari hiyo ilivuma, na wataalamu wa baadaye wamebishana juu ya sababu yake. Lakini taarifa ilikuwa na jambo jingine: wanawake wa Kikuyu walikula majani ambayo kwa kawaida waume zao hawakuyala. Angaliulizwa baba peke yake, majani hayo yasingaliandikwa.

Njia iliyo imara ni mizani. Mpimaji hufika kabla moto haujawashwa, akapima unga, maharagwe na mafuta. Kisha hupima chungu kitupu, na tena kikiwa na chakula kilichoiva. Ikiwa chakula ni ratili 8, na mtoto amepakuliwa ratili 1, amepata sehemu moja katika nane ya vyote vilivyopikwa. Masazo hupimwa yakatolewa.

Taabu ni sahani moja ya watoto wanne. Mwenye mkono mwepesi hushiba, mdogo akabaki kulamba vidole, wala mizani haijui. Mdogo akitengewa sahani yake, siku hiyo atakula kuliko desturi. Na mama huenda akachinja kuku kwa heshima ya mgeni!

Wengine huuliza chakula cha jana tu, tangu kuamka hata kulala, wakionyesha vikombe na miko ili kukadiria. Ni njia nyepesi, lakini yafaa kurudiwa siku nyingine, kwani siku ya soko si sawa na siku ya shamba. Tena watu husahau ndizi iliyoliwa njiani. Tangu mwaka 1982 imewezekana kumnywesha mtu maji maalum na kupima mkojo wake ili kujua nguvu zilizotumika mwilini, na mara nyingi imeonekana kwamba watu hutaja chakula kidogo kuliko walichokula.

Basi mpimaji akifika, kuku na aachwe. Mama apike kama siku zote, na mtoto mdogo aketi mahali pake.