Chembe za Mchanga Zinasema Nini?

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

  

Leo kila darasa liwe na chupa moja ya kioo cheupe, yenye kifuniko. Tieni ndani vijiko viwili vya mchanga, vijiko viwili vya udongo wa shambani uliopondwa, na kijiko kimoja cha changarawe ndogo. Jazeni maji ya mvua au ya mto. Msitie maji ya bahari, kwa sababu chumvi hugandanisha chembe ndogo sana, nazo zikashuka upesi kuliko kawaida. Mkiwa tayari, mwalimu wenu aitikise chupa kwa nguvu, kisha aiweke mezani, wala mtu asiiguse tena. Tutairudia baadaye.

Somo letu ni mchanga na tope. Pengine mmoja wenu atacheka aseme, "Mchanga tumezaliwa nao. Tutajifunza nini?" Ngojeni kidogo. Katika ghuba ya Pangani, kusini ya mji wa Tanga, palikuwa na kijiji cha Waswahili wa kale. Yapata miaka 1,000 iliyopita, bahari iliingia katika kijiji hicho ikaua watu. Habari hiyo wataalamu hawakuipata katika kitabu. Waliisoma katika mchanga. Leo nanyi mtajifunza jinsi mchanga unavyosomwa, na kwa nini mtu wa pwani apaswa kujua habari hii.

Kwanza: chenga na unga

Mama anapotwanga mahindi, hachukui yote yakawa kitu kimoja. Huchukua chekeche akachekecha. Unga hupita, chenga hubaki juu. Akitumia chekeche lenye matundu madogo zaidi, hupata unga laini zaidi.

Wataalamu wa miamba na udongo nao hufanya vivyo hivyo. Huchukua udongo, wakaukausha, wakaupima kwa mizani. Kisha hupanga machekeche moja juu ya jingine, lenye matundu makubwa likawa juu na lenye matundu madogo likawa chini. Hutikisa, halafu hupima kilichobaki katika kila chekeche.

Chembe zimepewa majina kwa ukubwa wake. Vipimo vinavyotumika sana vilipangwa na Mmarekani mmoja, Chester Wentworth, mwaka 1922. Ni hivi:

Changarawe na mawe ni kila chembe iliyo kubwa kuliko milimita 2.

Mchanga ni chembe zilizo chini ya milimita 2, lakini si ndogo kuliko milimita 0.063. Ukizipanga mstari chembe 16 za mchanga mdogo kabisa, zitajaza milimita moja tu.

Tope la unga ni dogo kuliko mchanga. Ukilisugua katikati ya vidole ni laini kama unga.

Udongo wa mfinyanzi ndio mdogo kuliko yote. Chembe zake ni chini ya milimita 0.004. Yahitaji chembe 250 za ukubwa huo na zaidi ili kujaza milimita moja. Chembe kama hizo hakuna chekeche la kuzichekecha. Hupimwa kwa kutazama zinavyozama katika maji, au kwa mashine ya mwanga.

Pili: nguvu ya maji

Sasa itazameni chupa yenu. Changarawe ilifika chini mara ile ile. Mchanga ukafuata, na sehemu yake kubwa ilishuka kabla hamjahesabu sitini. Tope la unga lingali likishuka, na litaendelea kwa dakika nyingi, hata saa kadhaa. Udongo wa mfinyanzi bado umeyachafua maji, na kesho asubuhi mtayakuta hayajatakata kabisa.

Hapa tunapata kanuni ya somo letu. Chembe kubwa huhitaji maji yenye nguvu ili kuichukua. Maji yakipoteza nguvu, chembe kubwa huanguka kwanza, na ndogo huanguka mwisho. Kwa hiyo ukiona chembe zilizolala mahali, waweza kukisia nguvu ya maji yaliyozileta.

Nendeni pwani mkaone wenyewe. Mahali mawimbi yanapopiga kila siku, hamtakuta tope. Mawimbi huliinua na kulipeleka mbali, yakaacha mchanga. Lakini ingieni ndani ya mikoko. Huko maji huingia polepole na kutoka polepole, na mizizi huyapunguza mwendo. Kwa hiyo tope hupata nafasi ya kutulia, na mguu wako utazama mpaka gotini.

Mto Pangani nao hufanya kazi hiyo. Maji yake hutoka katika milima ya Kilimanjaro na Meru, yakapita Korogwe mpaka baharini. Wakati wa masika maji ya mlangoni huwa mekundu kwa tope. Mto ukiwa na nguvu hubeba na mchanga pia. Ukipungua, huuacha njiani.

Tatu: kusoma matabaka

Miaka ikipita, tope hulala juu ya tope na mchanga juu ya mchanga, tabaka juu ya tabaka. La chini ni la zamani, la juu ni la karibuni. Anayechimba kisima huyaona matabaka hayo ukutani mwa shimo.

Lakini chini ya bahari mtu hawezi kuchimba kisima. Hapo wataalamu hutumia bomba. Mtoto akichukua bua la jani la mpapai akalichomeka katika tope, akalivuta, hulikuta limejaa tope ndani. Meli za utafiti hufanya hivyo kwa bomba refu la chuma. Hulishusha mpaka chini, likazama katika tope, wakalivuta na gogo zima la udongo ndani yake. Hulipasua gogo hilo kwa urefu, wakalipima sentimita kwa sentimita.

Kazi hii hufanywa hata katika bahari za baridi kali, karibu na Greenland na Antaktika. Huko barafu hushuka kutoka nchi kavu, ikakwangua mawe na mchanga. Ikifika baharini hukatika vipande vikubwa kama vilima, vikaelea. Vikiyeyuka, mawe yaliyomo huanguka chini. Basi wataalamu wakikuta changarawe na mchanga katikati ya tope laini, mbali sana na pwani, mahali ambapo hakuna mto wala mkondo wa kuzifikisha, hujua ya kuwa barafu ilipita juu. Mwaka 1988 Mjerumani Hartmut Heinrich alieleza matabaka ya namna hiyo katika Atlantiki ya Kaskazini. Matabaka hayo yalionyesha kuwa zamani, katika enzi ya barafu, vilima vya barafu vilimwagika baharini kwa wingi, tena si mara moja.

Shikeni jambo moja katika mfano huu. Chembe kubwa ikikutwa mahali pa chembe ndogo, lazima tuulize: nani aliyeileta?

Nne: mchanga wa Pangani

Swali hilo ndilo lililoulizwa Pangani. Katika ghuba ile wataalamu walikuta tabaka la mchanga chini ya ardhi, na ndani yake mabaki ya kijiji cha kale pamoja na mifupa ya watu. Miongoni mwao alikuwamo Bwana Elinaza Mjema wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mtaalamu wa mambo ya kale. Walishirikiana na wenzao wa nchi nyingine, wakiongozwa na Bwana Vittorio Maselli. Matokeo ya kazi yao yalichapishwa mwaka 2020 katika jarida liitwalo Geology.

Walifanyaje? Walitazama jinsi matabaka yalivyolala. Walipima ukubwa wa chembe. Walichunguza makombe na mabaki ya viumbe yaliyokuwa ndani ya mchanga. Mambo haya yote matatu yalihitajiwa, kwa sababu hata mto ukifurika huweza kumwaga mchanga. Chembe hutuambia nguvu ya maji. Viumbe hutuambia maji yalitoka wapi, mtoni au baharini. Ushahidi mmoja peke yake hautoshi, kama vile barazani kesi haiamuliwi kwa shahidi mmoja.

Baada ya kupima yote, waliona ya kuwa sababu inayoelekea zaidi kuwa kweli ni tsunami. Tsunami ni mawimbi makubwa yanayosukumwa na jambo la ghafula, hasa tetemeko la ardhi chini ya bahari. Tabaka la Pangani lina umri wa miaka 1,000 hivi, na matabaka ya wakati huo huo yamekutwa upande wa mashariki wa Bahari ya Hindi. Wataalamu walipiga hesabu za mwendo wa mawimbi, wakaona kuwa tetemeko lililoyaleta huenda lilitokea karibu na Sumatra, ng'ambo ya bahari.

Mtu atasema, "Sumatra ni mbali." Ni kweli, ni zaidi ya kilomita 6,000. Lakini kumbukeni tarehe 26 Desemba 2004. Siku hiyo, saa kumi kasoro dakika moja alfajiri kwa saa zetu, ardhi ilitetemeka huko Sumatra. Mawimbi yalikwenda kwa kasi ya ndege. Baada ya saa nane hadi tisa yalikuwa yamefika pwani ya Afrika Mashariki. Katika nchi zote walikufa watu zaidi ya 220,000. Somalia walikufa karibu 300. Hapa Tanzania walikufa watu wasiopungua 10, na baadhi yao walikuwa wakiogelea. Bahati yetu ni kwamba mawimbi yalifika maji yakiwa chini. Yangalifika bamvua imejaa, msiba ungalikuwa mkubwa zaidi.

Wengi walidhani jambo hilo halijapata kutokea kwetu. Mchanga wa Pangani unasema lilipata kutokea. Na lililotokea mara mbili laweza kutokea mara ya tatu. Siku wala mwaka hakuna ajuaye.

Tano: tufanye nini?

Tetemeko la Sumatra hutalisikia ukiwa Pangani au Tanga. Kwa hiyo shikeni haya.

Bahari ikikupwa ghafula, si kwa wakati wake, mwamba na samaki wakaachwa wazi, usiende kuokota samaki. Kimbia juu, uwaite na wenzako. Wewe mvuvi, unajua nyakati za kupwa na kujaa kuliko mtu yeyote. Wewe ndiwe utakayetambua kwanza.

Ukisikia tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa redioni, ifuate mara moja. Saa nane ni muda wa kutosha kuokoa kijiji kizima, ikiwa watu watasadiki na kuondoka.

Wimbi la kwanza likipita, usirudi. Tsunami ni mawimbi mengi, na la pili au la tatu laweza kuwa kubwa kuliko la kwanza. Rudi utakapoambiwa na wenye mamlaka.

Na ukichimba kisima au msingi wa nyumba, ukakuta mchanga wenye makombe katikati ya tope, pamoja na vigae au mifupa, usivitupe. Simamisha kazi, umwarifu mwenyekiti wa kijiji, ili habari ifike kwa wataalamu wa mambo ya kale. Pengine umefungua ukurasa ambao hakuna mtu aliyepata kuusoma.

Hesabu ya kufanya darasani

Huu ni mfano wa kujizoeza. Bibi mmoja amechukua udongo wa aina mbili kutoka shimo moja. Kila fungu lina gramu 200. Fungu la juu limetoa changarawe gramu 10, mchanga gramu 150, na tope gramu 40. Fungu la chini halikutoa changarawe. Limetoa mchanga gramu 20 na tope gramu 180. Tafuteni kila kitu ni asilimia ngapi.

Majibu: fungu la juu ni changarawe asilimia 5, mchanga asilimia 75, tope asilimia 20. La chini ni mchanga asilimia 10, tope asilimia 90.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika mfano wetu wa hesabu, ni fungu lipi lililoletwa na maji yenye nguvu zaidi? Mmejuaje?

2. Kwa nini mikokoni kuna tope, na ufukweni kuna mchanga?

3. Kwa nini wataalamu wa Pangani hawakutosheka na kupima chembe peke yake?

4. Katika kijiji chenu, mahali pa juu pa kukimbilia ni wapi? Mzee asiyeweza kutembea atachukuliwa na nani?

Swali la nne msilijibu upesi. Liandikeni katika madaftari yenu, mkawaulize na watu wa nyumbani.

Chupa iacheni mezani mpaka kesho. Mkija, tazameni matabaka yaliyomo: makubwa chini, madogo juu. Wimbi likichoka huuacha mzigo wake kwa namna hiyo hiyo.